Msaada: cheti cha kifo cha mzee wetu hapa Tanga, naanzia wapi?

Binti_Makorora
Wakuu, habari za humu. Mzee wetu alitangulia mbele ya haki kabla ya Ramadhani. Ameacha nyumba Makorora na akiba kidogo benki. Benki wanasema hawagusi chochote bila hati ya usimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo nao wanataka cheti cha kifo kwanza, na sisi hatuna. Naomba kujua kinatolewa ofisi gani na kinachukua muda gani. Nina haraka. Wapangaji wameanza kugoma, wanasema hawajui kodi wamlipe nani. Na mdogo wangu anaomba mkopo wa chuo, naye kaambiwa alete cheti "kilichothibitishwa". Mzee alifia hospitali, tukazika siku ile ile.

Mjumbe_wa_Duga
Pole sana dada. Huku Bara vizazi na vifo viko chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ila wilayani Msajili ni Katibu Tawala wa Wilaya. Kwa hiyo unakwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, siyo Halmashauri ya Jiji. Watu wengi wanamaliza asubuhi nzima Jiji wakipanga foleni isiyo yao.

Unabeba kibali cha mazishi mlichopewa hospitali, kitambulisho cha marehemu na chako. Kifo kikiwa ndani ya siku 30 ni kuandikisha tu. Zikipita, unaingia usajili uliochelewa, na hapo wataongeza barua ya mtendaji, kiapo na vielelezo vya kuonyesha kwamba kifo kilitokea na marehemu ndiye huyo. Maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mtandao wa RITA. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12. Ukiombwa hela mkononi, jua inaishia mfukoni.

Cheti ukishapewa, usikikunje. Kisome pale pale kaunta herufi kwa herufi, hasa jina, tarehe na mahali pa kifo. Kosa likigunduliwa ukiwa bado umesimama hapo ni jambo dogo. Likigunduliwa mahakamani, unaanza maombi mapya ya kurekebisha.

Wakili_Mstaafu
Cheti ni mlango tu, shughuli yenyewe iko ndani. Mirathi ya Kiislamu au ya kimila inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu Na. I. Mkikubaliwa, msimamizi ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, kisha hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. VI. Watu wanashangilia barua ya usimamizi, wanasahau fomu hizo mbili, halafu wanashangaa kesi haifungwi miaka na miaka.

Muhtasari wa kikao cha ukoo mtaombwa. Hayo ni mazoea ya mahakama, si sharti la sheria, lakini bila huo faili litasuasua. Waliohudhuria waweke sahihi wenyewe. Asisainiwe mtu ambaye hakuwepo.

Ami_wa_Sahare
Nami nina swali kwa huyu binti. Deni la marehemu limelipwa? Mali ya maiti ina mpangilio wake: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Mnakimbilia kodi ya wapangaji na huenda mzee ana deni la mchanga na saruji mjini. Ogopeni mali ya watu.

Binti_Makorora
Ami, madeni tunayajua na tumeyaandika. Mjumbe, ahsante. Sasa je, kama kibali cha mazishi hakipo, barua ya mtendaji wa kata inatosha?

Mjumbe_wa_Duga
Hakipo kwa vipi? Kimepotea au hamkupewa? Ni mambo mawili tofauti. Kikipotea, unachukua ripoti ya upotevu polisi na unarudi hospitali ile ile, kwa sababu kumbukumbu ya kifo inabaki kwao. Barua ya mtendaji kama ushahidi mkuu ni ya mtu aliyefia nyumbani. Aliyefia wodini, Msajili atakurudisha wodini.

Binti_Makorora
Hatukupewa. Kuna karatasi nyingine ya hospitali.

Mjumbe_wa_Duga
Hospitali gani, dada? Bombo, au ya wilaya?

Binti_Makorora
Ya serikali. Kwani hospitali inabadilisha nini? Kifo ni kifo.

Mjumbe_wa_Duga
Inabadilisha kila kitu. Kifo kinaandikishwa kilikotokea, si anakoishi mtoto wa marehemu.

Mama_Nuru_Pongwe
Mwanangu, sema tu. Humu hakuna anayekujua, na ukificha utapewa jibu la mtu mwingine.

Binti_Makorora
Haya. Alifia Pemba, Wete, na kazikwa huko huko. Lakini mzee ni mtu wa Tanga, kaishi Makorora maisha yake yote, nyumba iko Makorora, kitambulisho cha NIDA ni cha huku. Sasa kuna kijana mmoja anashughulikia vyeti, anasema ataandika kafia nyumbani Makorora na barua ya mtendaji ataipata. Nimeshampa nusu. Sioni ubaya wake. Kufa kweli amekufa, hatumzushii. Kinachobadilika ni jina la mahali tu. Na mahakama ya hapa si itakataa karatasi ya Zanzibar?

Wakili_Mstaafu
Nani kakwambia itakataa? Huyo huyo kijana, bila shaka.

Mahakama ya Mwanzo haitazami mzee kafia wapi. Inatazama makazi yake ya kudumu yalikuwa wapi siku alipokufa. Kama ni Makorora, mirathi inafunguliwa Tanga mjini hata kama angefia Muscat. Cheti cha Zanzibar ni hati ya serikali kama ya Bara. Mahali pa kifo panaandikwa Wete, makazi Makorora, na mambo yanaendelea. Unalipia uongo usio na kazi hata chembe.

Na uongo wenyewe una mwenyewe. Kwenye daftari la vifo kuna safu ya mtoa taarifa. Jina litakalokaa pale ni lako, si la huyo kijana kishoka. Kughushi ni kosa, na kuiwasilisha hati ya kughushi ni kosa jingine peke yake chini ya Kanuni ya Adhabu. Yeye ataandika, wewe ndiye utakayesimama mbele ya hakimu umeishika.

Mjumbe_wa_Duga
Naongeza. RITA hawana mamlaka na vifo vya Zanzibar. Huko kuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ZCSRA, na ofisi zake ziko hadi wilayani, Pemba ikiwemo. Mnaanza kwa Sheha, yaani kiongozi wa shehia alikofia, mnapata barua, mnaambatanisha karatasi ya hospitali na kitambulisho cha marehemu, kisha ofisi ya wilaya. Ukiwa na ndugu aliyekuwepo siku ya msiba, yeye ndiye mtoa taarifa anayefaa, maana ataulizwa mambo ambayo wewe uliyekuwa Tanga utayasikia tu.

Kuna ndugu huko?

Binti_Makorora
Ndiyo kiini cha tatizo. Kuna mama mdogo. Mzee alimwoa kule, wana watoto wawili. Nikienda kwa Sheha, atajua kabla sijafika bandarini kurudi. Mama yangu hataki kusikia habari hizo, na nyumba aliijenga mama pamoja na mzee wakati mama mdogo hayupo hata kwenye mawazo.

Ami_wa_Sahare
Sasa tumefika. Binti yangu, cheti si tatizo lako hata kidogo. Unatafuta karatasi ya kuwafuta wadogo zako. Thumni, yaani sehemu moja ya nane, ni ya wake wote kwa pamoja, wanagawana sawa. Watoto wa Wete ni watoto wa baba yako kama wewe. Hakuna Kadhi wala hakimu atakayeandika vinginevyo.

Mama_Nuru_Pongwe
Ami, sema naye polepole. Lakini mwanangu, jasho la mama yako lina njia yake. Sehemu aliyochangia kwenye nyumba anaidai kama haki yake kabla ya mirathi kugawanywa: risiti za vifaa, mafundi, majirani walioona akijenga. Hilo linasemwa mahakamani wazi. Halilindwi kwa kuficha mke mwenza.

Chuma_cha_Mkonge
Wadau, mimi naona tunachezewa. Mara mzee kafia hospitali, mara nyumbani Makorora, mara Wete. Mara nina haraka, mara kuna mama mdogo. Kila mkimbana anatoa kipande kipya. Huyu si mfiwa. Huyu ndiye kishoka mwenyewe, anakusanya nyaraka zipi Msajili anakagua ili ajue pa kuziba. Msimpe maelezo zaidi.

Kijana_Chumbageni
Hata mimi nimehisi. Swali la barua ya mtendaji kuziba nafasi ya kibali ndilo vishoka wanaloishi nalo.

Mama_Nuru_Pongwe
Mfiwa akificha aibu ya nyumbani, nyie mnamwita tapeli. Hayo mambo ya ukewenza nani anayaanzia sentensi ya kwanza?

Chuma_cha_Mkonge
Mama, sikatai. Atuambie basi hiyo karatasi ya hospitali imeandikwaje. Asiweke picha wala jina kamili. Aseme tu juu kuna nini na jina limeandikwaje. Mtu wa kutunga hapo atakwama.

Binti_Makorora
Ninayo hapa mezani. Juu kabisa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Wizara ya Afya. Kalamu ya buluu, muhuri wa zambarau umepita juu ya sahihi ya daktari kiasi kwamba sahihi haisomeki. Ilikunjwa mara nne na mkunjo umekula tarakimu ya tarehe, 3 au 8 huwezi kujua. Jina la kwanza wameandika Khamis. NIDA na hati ya nyumba ni Hamisi. Umri wamekadiria, umezidi wa kwenye kitambulisho. Mimi si kishoka, kaka.

Chuma_cha_Mkonge
Khamis na Hamisi. Hilo halitungwi na mtu asiye na karatasi. Niwie radhi dada, na pole kwa msiba.

Mjumbe_wa_Duga
Na hapo ndipo penye kazi yako halisi, kuliko huko kwa kishoka. Zanzibar wataandika Khamis kwa mazoea yao, Bara ni Hamisi, na afisa wa benki halinganishi sauti, analinganisha herufi. Kwa hiyo kabla cheti hakijachapwa, pelekeni nakala ya NIDA kwa msajili wa kule na muombe jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, umri pia. Tarehe iliyoliwa na mkunjo isomwe kwenye rejista ya wodi. Msiikisie, na mtu asiipitishie kalamu juu. Karatasi iliyoguswa kwa kalamu ya pili inakataliwa hata kama ulichoandika ni kweli.

Lakini naomba kwanza uulize jambo moja kwa mama mdogo: ameshaandikisha? Mjane aliyefiwa mikononi mwake, kuna uwezekano mkubwa cheti kipo tayari kabatini kwake. Kifo kimoja kinaandikishwa mara moja. Ukitoa cha pili Tanga, siku akija na chake kuweka pingamizi, kitakachoanguka ni chako, na usimamizi utatenguliwa pamoja nacho.

Binti_Makorora
Sikuwahi kufikiria kwamba huenda anacho. Na hela niliyompa kijana?

Wakili_Mstaafu
Mwambie kwa ujumbe wa maandishi kwamba umesitisha na hutaki chochote kiandikwe kwa jina lako. Utunze ujumbe huo. Akirudisha, sawa. Asiporudisha, bado umepona. Na kama alishachukua nakala za vitambulisho vyako, zidai.

Kijana_Chumbageni
Nami nijibu la mdogo wake, naona limepita kimya. Neno "kilichothibitishwa" linabeba vitu viwili. Nakala iliyogongwa muhuri na wakili au hakimu inasema tu kwamba kivuli kinafanana na karatasi aliyoonyeshwa. Hiyo inatosha mahakamani na kwenye ofisi nyingi. Bodi ya Mikopo haitaki hiyo, inataka uhakiki wa aliyekitoa cheti. Cha Bara kinahakikiwa RITA kwa mtandao. Cha Zanzibar kinahakikiwa ZCSRA. Ukipakia cha Zanzibar kwa RITA kitarudi, na dirisha la mkopo halikusubiri. Skani cheti halisi chenye rangi, si kivuli, na kona zote nne zionekane pamoja na namba ya ingizo.

Binti_Makorora
Nimeongea na mama mdogo. Anacho. Alikitoa kabla ya arobaini, nasi hatukumuuliza. Atanitumia nakala iliyogongwa muhuri, na anataka awemo kwenye kikao cha ukoo. Mama amenuna lakini hajakataa. Tatizo ni moja: kimeandikwa Khamis.

Wakili_Mstaafu
Basi hakuna haja ya kukirudisha Wete kama tofauti ni hiyo tu. Unakwenda kwa Kamishna wa Viapo, unaapa kwamba Khamis wa kwenye cheti na Hamisi wa kwenye NIDA, hati ya nyumba na akaunti ya benki ni mtu mmoja. Taja kila hati kwa namba yake, usiandike "nyaraka nyingine". Aape mtu anayemjua tangu zamani, na ikiwezekana mama mdogo naye aape cha kwake, kwa kuwa ndiye mtoa taarifa wa kwenye cheti. Toeni nakala halisi nne: ya mahakama pamoja na Fomu Na. I, ya benki, ya ofisi ya ardhi, na moja ibaki nyumbani. Umri ukipishana, uingizwe kwenye kiapo hicho hicho.

Mjumbe_wa_Duga
Na cheti halisi msikiache kwenye faili la mahakama. Peleka halisi waone, waachie nakala yenye muhuri, urudi nacho.