Mwaka wa kwanza watoto 110, mwalimu mmoja, na karatasi inasema 68!

Wandugu wa Lubumbashi, tuache kudanganyana. Kila mwaka shule za msingi za serikali zinajaza fomu ya ST2: wavulana wangapi, wasichana wangapi, umri gani, wangapi wanarudia. Kisha mtu anagawanya jumla kwa idadi ya kalasi, anatangaza wastani. Uongo unaanzia hapo.

Tuseme shule ina kalasi sita: 110, 90, 70, 55, 45, 38. Jumla 408, wastani 68. Aliye ofisini anasema imezidi kidogo, watavumilia. Hao 110 wanakaa wanne kwenye banki la wawili, wa nyuma wanaandikia magotini. Mwalimu akisahihisha kila daftari dakika moja tu, dakika 110 zimekwenda na asubuhi nayo imekwenda. Atafundisha saa ngapi?

Direkta hagawanyi kalasi kwa sababu kalasi isiyo na kibali haina mshahara. Mwalimu wake anabaki nje ya orodha ya malipo, halafu mzazi ndiye anaombwa "kichocheo", yaani pesa ya kumlipa mwalimu huyo. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni bure! Tangu Septemba 2019, bure hiyo ilipoanza kutekelezwa, watoto wameingia kwa wingi. Vyumba na walimu wako wapi?

Umri nao ni vichekesho. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, anakadiriwa kwa macho, anaandikiwa tarehe 1 Januari. Wa miaka kumi anageuka wa saba, na waliochelewa kuanza wanafutika kwenye karatasi. Anayerudia akiandikwa kama mpya, mwaka wa kwanza unaonekana unapokea watoto wengi, kumbe sehemu ya msongamano ni walewale wa mwaka jana. Aliyehamia Kolwezi au Kasumbalesa na wazazi wake anabaki kwenye rejesta, na aliyefika baada ya fomu kutumwa hahesabiwi popote.

Wazazi wa COPA (kamati ya wazazi ya shule), ombeni nakala ya ST2. Hesabuni vichwa Jumatano asubuhi (Ijumaa wengi hukosa), kalasi kwa kalasi, wasichana mbali na wavulana, hasa mwaka wa tano na wa sita, wasichana wanakopungua bila mtu kuuliza. Linganisheni na rejesta ya mahudhurio, pelekeni tofauti sous-division (ofisi ya elimu ya eneo lenu) kwa barua, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri huo watasema hawakuona kitu.

Mlionyimwa ST2, andikeni hapa chini ni komini gani: Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba. Jina la shule msiliandike.