Wakuu, "lend" na "borrow" zinatofautianaje? Nina haraka

MtuWaKazi: Habari za jioni wakuu. Kamusi yangu imeandika "azima" kwa yote mawili. Kuna karatasi naitaka kabla ya kesho asubuhi. Msaada tafadhali.

Kalamu Nyekundu: Kamusi haijakosea. Azima yetu inakwenda pande zote: "nimeazima jembe kwa jirani", "niazime jembe". Kiingereza kimegawa. Anayepokea ni "borrow" na hufuatwa na "from". Anayetoa ni "lend", hufuatwa na "to" au mtu moja kwa moja: "I lent him". Shika kopa na kopesha. Penye -sha ndipo penye "lend".

Bin Pwani: Nyongeza: kwetu jembe huazimwa, likarudi lile lile. Pesa hukopwa, zikarudi noti nyingine. Wenzetu hawajali, jembe "borrow", pesa "borrow".

Shangazi Mkubwa: Na mnakopeshana za nini? Kukopa harusi, kulipa matanga.

Kalamu Nyekundu: Mleta uzi, karatasi gani hiyo?

MtuWaKazi: Ya deni. Nimemkopesha rafiki laki nane, nikaandika "I borrowed my friend 800,000". Mwenyewe kaiona iko sawa.

Fundi Sarufi: Lazima aione sawa! Sentensi imekosa "from" na msomaji ataitia mwenyewe kichwani. Akishaitia, mdaiwa ni wewe. Mmesaini?

MtuWaKazi: Bado bado.

Fundi Sarufi: Kama bado, haraka ya nini?

MtuWaKazi: Haya, tulisaini jana. Lakini mtaani si kila mtu anasema "borrow me your charger" na wanaelewana? Nikimwambia tubadilishe ataona simwamini.

Bin Pwani: Wanaelewana kwa sababu chaja inaonekana iko mkononi mwa nani. Laki nane zimeshaliwa, zitaonekana wapi?

Kibogoyo: Chai hii. Karatasi ya kuandikwa kesho, kumbe ilisainiwa jana. Huyu ni mwalimu anatafuta maswali ya mtihani. Kesho ataleta "rent" na "lent".

Shangazi Mkubwa: "Lent" ya herufi kubwa ni Kwaresima. Afunge kwanza 😂

Fundi Sarufi: Chai au maji, jibu ni lile lile. Usipake wino mweupe wala kuandika juu ya neno, utazua ugomvi mwingine. Andikeni mpya, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mdaiwa: "Mimi ... nimekopa shilingi laki nane (800,000/=) kutoka kwa ... Nitazilipa zote ifikapo tarehe ..." Nakala mbili, saini zenu na za mashahidi, ya zamani mchane wote mkiona. Mkitaka Kiingereza, akiandika yeye ni "I have borrowed ... from", ukiandika wewe ni "I have lent ... to". Na "lended" hakuna.

MtuWaKazi: Nimekuelewa mkuu. Ila nimeshachapa mpya, nimetumia "loaned". Si inafaa?

Kalamu Nyekundu: Inafaa, hasa kwa pesa. Wamarekani wanaitumia sana, Waingereza wengi hupenda "loan" ibaki nomino. Maana yake ni ile ile ya "lent". Baada yake umeweka nini?

MtuWaKazi: "800,000 loaned by my friend."

Kibogoyo: Jamani nafuta kauli, siyo chai.