Kamera za sasa zinaona gizani, lenzi ya f/1.8 bado ya nini?

Mwana wa Ruzizi
Wakubwa zangu, nina pesa ya kitu kimoja tu. Kamera yangu ni APS-C (yenye kihisi kidogo cha mwanga) ya 2014, na lenzi ni ile iliyokuja nayo kwenye boksi, 18-55 ya f/3.5-5.6. Napiga mikesha ya kanisa huku Kadutu. Mchungaji hataki flashi, na umeme ukikatika tunabaki na taa mbili za betri. Ninunue lenzi ya f/1.8, yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), au nihamie kamera ya fremu kamili, yenye kihisi kikubwa zaidi? Rafiki ananiambia tundu kubwa limepitwa na wakati tangu kompyuta ianze kufuta chengachenga, zile nukta za picha za gizani.

Msomi wa Nguba
Rafiki yako ana haki. Tundu kubwa lilikuwa la lazima enzi za filamu: ukishaweka ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kuona mwanga) umefungwa nayo mpaka picha 36 ziishe. 2007 kamera ya Nikon D3 ilileta ISO 6400 ya kufanyia kazi. 2014 Sony A7S ikafika 409600. Tangu 2023 hata Lightroom, programu ya kuhariri picha, inasafisha chengachenga yenyewe. Niliuza 50mm f/1.4 yangu na sijaililia. Na wapiga picha wetu wa harusi hapa Bukavu wasisingizie lenzi. Shida yao ni flashi wanayomulika usoni mpaka bibi harusi anatoka kama amemwagiwa unga wa muhogo.

Flashi ya Kadutu
Mimi ni mmoja wa hao "wapiga picha wetu wa harusi", mwaka wa kumi na tatu huu. Umewahi kusimama ukumbini saa nne usiku, taa za zambarau upande huu, kijani upande ule, shangazi wote wamesimama mbele yako na simu? Flashi naigonga kwenye dari. Dari ikiwa nyeusi nitaigonga wapi? Na huo weupe, wateja wenyewe wanauomba. Naletewa simu yenye picha iliyochujwa: "Nitoe hivi."

Mama Picha, Ibanda
Mwanangu, wakiomba unawapa? Hapo ndipo ninapoumia. Binti yangu aliolewa mwaka jana, picha zikaletwa kwenye albamu nzuri ya ngozi. Mikono ni ya binti yangu, hina naijua niliichora mwenyewe. Uso ni wa mtu mwingine. Nimeifunga kabatini, bibi yake hajaiona mpaka leo.

Flashi ya Kadutu
Pole Mama, lakini huyo sikuwa mimi. Usinibebeshe.

Msomi wa Nguba
Jambo la zamani hilo. Kodak walipima rangi za filamu kwa kadi ya mwanamke mweupe, wakaiita Shirley. Sisi tulirithi vipimo vya wengine.

Mama Picha, Ibanda
Shirley hakuwepo kwenye harusi ya binti yangu! Tuseme kinachotokea. Kamera inaona gauni jeupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza picha yote. Ngozi yetu inaangukia kwenye kivuli, na chengachenga zinakaa humo humo kivulini. Halafu mtu anaupandisha uso kwa kompyuta, rangi ya kahawia inageuka majivu. Akiona majivu anaongeza weupe ili ayafiche. Mwanga haukuingia tangu mwanzo, basi. Kijana ameuliza habari ya tundu, na tundu ndilo mlango.

Mvuvi wa Taa
Msomi, picha zako nazifahamu: ziwa jioni, nyumba za zamani, kamera juu ya miguu mitatu. Nyumba haikimbii. Mimi nilitoka na wavuvi wa sambaza, visamaki vya ziwani, usiku, taa zao tu juu ya maji. Nilianza na zumu ya f/4, ISO 12800, sekunde 1/15. Kitulizi cha lenzi kilishika mkono wangu vizuri, ubao wa mtumbwi ulitoka mkali. Mkono wa mvuvi ukatoka moshi. Nikavaa 35mm f/1.8, ISO ile ile, nikapata 1/80: vidole vyote vitano, wavu umekaza, sambaza mmoja anang'aa hewani. Nipe programu ya kompyuta inayorudisha vidole ambavyo havikuingia kwenye picha.

Msomi wa Nguba
Miguu mitatu si dhambi. Nyumba za zamani za Bukavu zinabomolewa, nani mwingine anazipiga? Na hujasema yote. Kwenye fremu kamili, 50mm f/1.4 ukisimama mita 1.5, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 7. Kwaya ina safu tatu. Safu ya mbele utaipata, walio nyuma watakuwa ukungu.

Mvuvi wa Taa
Nani anapiga kwaya nzima kwa mita 1.5?

Mwana wa Ruzizi
Jamani, lenzi au kamera?

Mama Picha, Ibanda
Lenzi. Ukivuta hiyo yako mpaka 55 unabaki na f/5.6. Lenzi ya 50 ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi, kwa bei ambayo fremu kamili haikaribii. Ninayo moja, lakini angalia kwanza mdomo wa kamera yako, yangu ni ya Canon. Kama inaingia, pita Alhamisi uichukue kwa ajili ya mkesha. Fokasi weka kwenye jicho, na pima mwanga usoni, usipime kwenye kanzu nyeupe.

Mwana wa Ruzizi
Ni Canon, Mama. Nitapita. Aksanti sana.

Flashi ya Kadutu
Na ukija siku moja kupiga ukumbini, kaa kwenye sekunde 1/100. LED za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50, ukienda kasi zaidi unapata mistari. Msomi hajakwambia hilo. Mama, naomba swali: hizo picha za binti, faili zenyewe mnazo?

Mama Picha, Ibanda
Zipo kwenye diski. Kwa nini?

Flashi ya Kadutu
Kama ni RAW, yaani faili ghafi za kamera, nizitazame. Sitachukua hela.

Msomi wa Nguba
Ukizipata, usizipake unga.

Flashi ya Kadutu
Unaona? Anaanza tena.