Fadlu tumwache au tumtimue? (Meseji za mwisho wa msimu wa 2024/25, Fadlu Davids akiwa bado kocha wa Simba)

Wana Msimbazi wenzangu popote mlipo, salaam. Naandika nimeshapoa, maana ile Jumatano ya dabi na Yanga, 25 Juni 2025, ningeandika ningetukana mtu. Huku Minneapolis ilikuwa asubuhi, nimebadilishana shifti na jamaa mmoja wa Kisomali ambaye mpaka leo ananidai Jumamosi yake, nimekaa na chai yangu na jezi nyekundu, halafu naenda kuona Pacome anatia penati na Mzize anamalizia kazi. 2-0. Ubingwa umebaki Jangwani kwa Yanga mwaka wa nne mfululizo. Swali langu moja tu, huyu Fadlu ni kocha kweli au tunadanganyana? Ngao ya Jamii Agosti 2024 kapigwa 1-0, Oktoba kwenye ligi 1-0 tena la kujifunga wenyewe, sasa hii. Dabi tatu, hata goli la kubahatisha hatuna!! Mimi nasema afungashe.

— wa Minneapolis

Kaka pole na hiyo Jumamosi lakini punguza jazba kidogo. Tulikuwa wapi kabla ya huyu Msauzi? Msimu wa 2023/24 tumemaliza wa tatu, Azam katuzidi kwa magoli tu, ndo maana tukaangukia Kombe la Shirikisho Afrika badala ya Ligi ya Mabingwa. Chama kaenda kwa watani Yanga, Bocco kaondoka, Inonga kaondoka, timu nzima imesukwa upya, vijana hawajuani hata majina, na mtu huyohuyo kawafikisha fainali ya hilo Shirikisho. Mlimwona Al Masry robo fainali? Tumekula mbili Misri, tumerudisha mbili nyumbani, kipa wetu Camara akamaliza kwenye matuta. Nusu fainali Stellenbosch tumempiga moja kwa frikiki ya Ahoua kisha tumeenda Durban, Afrika Kusini, tumekaza 0-0, hiyo ni kazi ya kocha, wala si bahati. Na ligi tumemaliza na pointi 78, miaka mingine hizo ni za ubingwa kabisa.

Tatizo letu ni kutimua. Kocha Robertinho alipokula zile tano za Yanga Novemba 2023 hakumaliza hata wiki, akaja Benchikha, Aprili akaondoka, Mgunda akapewa timu ya kushikilia, halafu tunashangaa Yanga anatuacha. Kocha Nabi alifika kwao Aprili 2021, msimu ule ubingwa ulibaki kwetu na hawakumfukuza, uliofuata kachukua ligi bila kufungwa hata mechi moja. Wao walisubiri, sisi hatuwezi?

— wa Leicester (mwenzenu niliangalia kipindi cha pili stoo kazini, simu ndani ya boksi, supavaiza kapita mara mbili hajashtuka)

Jamani makolo wa Simba hamjambo 😂 Mie Mwananchi, shabiki wa Yanga, ila leo nakuja kwa heri. Kaka yangu alikuwepo Amaan, Zanzibar, siku ya marudiano ya fainali na Berkane ya Morocco, ananambia uwanja ulikuwa unatetemeka, Mutale kafunga mapema watu wakaanza kuamini. Halafu Kagoma akala nyekundu, goli la Mukwala VAR ikalifuta, dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, mchezo ukaisha. Mimi ningekuwa Simba ningemlaumu kocha kwa ile mechi ya kwanza kule Morocco, dakika 14 tu washafungwa mbili, pale ndipo kombe lilipopotea. Lakini msimfukuze, nawaomba. Tushamzoea.

— dada wenu wa Muscat

Wanangu, huyo dada katania ila kasema kweli. Mimi nilikuwa Taifa 1993, fainali ya Kombe la CAF, Stella Abidjan tumetoka nao 0-0 kwao, sote tumeshavaa nguo za sherehe, wakaja kutupiga mbili pale pale. Nimesubiri miaka 32 kuona fainali nyingine kwa hiyo sina hasira na aliyenifikisha. Ila niseme ninachokiona. Fadlu ni kocha wa mechi yenye marudiano. Mpe bao moja la kulinda, atalilinda mpaka asubuhi. Kinachomshinda ni siku ambayo lazima ushinde. Hii dabi ya Juni Yanga walikuwa na pointi 79 sisi 78, sare inawatosha wao, kwa hiyo sisi ndio tulitakiwa tuvamie toka filimbi ya kwanza, tukacheza kama wageni tunaotafuta sare. Hilo halirekebishwi kwa kumtimua, linarekebishwa kwa kumkalisha chini na kumuuliza, mwalimu, tukiwa tunahitaji goli unamwingiza nani na anacheza wapi? Akikosa jibu, hapo sasa ndo tuongee mengine.

— mzee wa Toronto

Mzee shikamoo. Nimekusoma nimenyamaza. Sawa, narudisha nusu ya maneno yangu, abaki, ila dabi ijayo akifungwa tena bila goli nairudia meseji yangu ya kwanza neno kwa neno. Kaulimbiu yetu ya Ubaya ubwela bado ipo. Na wa Leicester, hiyo ya simu ndani ya boksi acha, huku jamaa yetu alipewa barua ya onyo kwa hilo hilo, bora uombe likizo ya nusu siku mapema ratiba ikitoka. Mimi nishamwendea yule Msomali kuulizia mabadilishano ya msimu ujao, kasema bei imepanda, dabi moja Jumamosi mbili.

— wa Minneapolis