Yah: Praktikum ya hali ya hewa na barua ya ABH, nani alishapita hapa?

Bint Mkoani aliandika:

Habari za jioni ndugu zangu, shikamooni wakubwa.

Nasoma masta ya meteorolojia, muhula wa tatu. Nimepata praktikum, yaani mafunzo kazini, ya miezi sita kwenye taasisi moja ya utabiri hapa Ujerumani, kitengo cha modeli, kazi ya ICON yenyewe, ile modeli ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa. Sasa kibali changu cha kuishi hapa kinaisha mwezi ujao. Nilipeleka maombi ABH (ofisi ya wageni) ya hapa kwangu, na leo imekuja barua. Kwanza wanasema praktikum si Pflicht (ya lazima), ni freiwillig (ya hiari), kwa hiyo itakatwa kwenye zile siku 140 za kazi tunazoruhusiwa wanafunzi wa kigeni kwa mwaka, na mimi nimeshafanya kazi ya duka la mikate tangu Januari, siku hazitatosha. Pili wanataka uthibitisho wa euro 11,904 za kujikimu mwaka mzima, maana Sperrkonto, ile akaunti ya benki iliyofungwa, imekauka.

Modulhandbuch yetu, kitabu cha moduli za masomo, inasema praktikum inatambuliwa kwa pointi kama moduli ya kuchagua. Mwalimu wangu anasema hiyo ndiyo Pflicht. Mama wa ABH anasema kuchagua si lazima. Swali langu ni moja tu: yupo aliyewahi kupata barua ya chuo katika hali kama hii na ABH wakaikubali? Iliandikwa na nani: profesa, Studienbüro (ofisi ya masomo) au Prüfungsamt (ofisi ya mitihani)? Nimepewa wiki mbili.

Mama Tausi (Hanau) aliandika:

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Usikose usingizi kwa ajili ya barua, hao kazi yao ni barua. Omba Fiktion haraka, ile karatasi ya muda wakati unasubiri kibali kipya. Ukiwa na Fiktion mkononi unatulia, unafanya kazi yako. Mimi niliishi kwa Fiktion mpaka karatasi ikachanika kwenye mkunjo, nikaenda kuomba nyingine.

Msukuma wa Leipzig aliandika:

> Ukiwa na Fiktion mkononi unatulia

Mama Tausi, kwa heshima zote, tusimpoteze mtoto. Fiktion ziko aina. Ya kifungu cha 81 absatz (kifungu kidogo) 4 inaendeleza kibali cha zamani pamoja na ruhusa yake ya kazi. Ya absatz 3 haikupi kazi. Na hata hiyo ya 4 inaendeleza na masharti yale yale, siku 140 zinabaki 140. Angalia kisanduku gani wametia alama kabla ya kutulia.

Kaka Mvita aliandika:

Mambo Bint Mkoani. Kwani skolashipu ya DAAD, lile shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, hukuomba? Mimi nilikuja na DAAD, 992 kila mwezi, bima juu yao, na ABH hawakuniuliza habari ya Sperrkonto hata siku moja. Nashangaa watu wanajitesa.

Bint Mkoani aliandika:

Kaka Mvita, DAAD hawampokei aliyekwisha kukaa Ujerumani zaidi ya miezi 15. Nimeshapita. EPOS, skolashipu yao nyingine, nayo inataka miaka miwili ya kazi baada ya digrii, na mimi nilitoka UDSM nikaja moja kwa moja. Ahsante lakini.

Dada Kisumu aliandika:

Si ujaribu Deutschlandstipendium? 300 kwa mwezi, unaomba kupitia chuo chako.

Kaka Mvita aliandika:

Hiyo ni ya Wajerumani.

Dada Kisumu aliandika:

Si ya Wajerumani. Uraia hawaulizi. Nusu inatoka serikali kuu na nusu kwa mfadhili binafsi, na chuo ndicho kinachochagua. Nimeipata mimi mwenyewe na pasi yangu ya Kenya, kwa hivyo tusibishane. Tena wanaangalia alama na mambo ya kujitolea, si alama peke yake.

Msukuma wa Leipzig aliandika:

300 haifiki 992 ya kila mwezi inayofanya ile 11,904, Dada. ABH watamuuliza nyingine ziko wapi.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Bint Mkoani, hao wa taasisi wanakulipa posho au mshahara? Maana praktikum ya hiari ikizidi miezi mitatu, sheria inawalazimu wakulipe Mindestlohn (mshahara wa chini kisheria), na tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Ikiwa ya lazima hawalazimiki kitu. Kwa hiyo ukifanikiwa kuifanya Pflicht, tatizo la siku linaisha lakini unabaki na posho, na 11,904 hutaonyesha. Ukiiacha freiwillig, pesa ya kuonyesha ipo, siku hazipo. Barua yako ina mambo mawili, na ukitibu moja la pili linazidi.

Bint Mkoani aliandika:

Wanalipa posho. Na mkataba wao umeandikwa Pflichtpraktikum. Wakisikia ni freiwillig nahofu wataifuta, ndiyo maana nauliza habari ya ile barua ya chuo.

Mzee wa Sinoptiki aliandika:

Vijana, salaam. Nimesoma yote na nasikitika. Sisi hatukuwa na mambo haya. Ukitaka kusomea hali ya hewa ulikuwa unaomba WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, mkurugenzi wa kwenu anasaini kama Mwakilishi wa Kudumu, unapelekwa. Mimi nilipelekwa Leningrad, Taasisi ya Haidrometeorolojia. Tulichora ramani za sinoptiki kwa mkono, isobari kwa penseli, na profesa anakuja na kifutio. Mpaka leo nikiona ramani ya Ulaya najua mvua inakuja saa ngapi bila simu. Huyu binti aandike kwa mkurugenzi wa Wakala wa Hali ya Hewa, aeleze shida yake, apewe fellowship. Nafasi za China pia zipo, Nanjing, wanawachukua Waafrika wengi.

Msukuma wa Leipzig aliandika:

Shikamoo mzee. Ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, si Wakala. Sheria ya 2019 iliifanya Mamlaka. TMA ni ile ile kwa herufi, lakini jina lilibadilika.

Mzee wa Sinoptiki aliandika:

Marahaba. Nilipoanza kazi ilikuwa Idara. Huo Uwakala wenyewe umekuja 1999, mimi nikiwa na mvi tayari. Herufi hazitabiri mvua.

Bint Mkoani aliandika:

Shikamoo mzee wangu. Fellowship ya WMO wanapewa zaidi watumishi wa taasisi za hali ya hewa za nchi zao, mimi si mtumishi. Na hata ningeipata, isingejibu swali la ABH ndani ya wiki mbili.

Mwana Goma (Köln) aliandika:

Jambo wote. Nyinyi muko na bahati ya kuwa na mkurugenzi wa kumuandikia. Sisi METTELSAT, taasisi ya hali ya hewa ya Kongo, iko Kinshasa, na mtu wa Goma akipima kwenye ramani anaona Dar iko karibu kuliko Kinshasa. Hali ya hewa ya ziwa Kivu tunaambiwa na simu, na simu inaambiwa na Ulaya. Nimesoma hapa Physics of the Earth and Atmosphere, ile ya Bonn na Köln, kwa Kiingereza. Darasani wananiuliza takwimu za mvua za kwetu, mimi nawauliza wao.

Kaka Mvita aliandika:

Afadhali kukosa takwimu kuliko kuwa nazo na wakubwa wasisikize. Oktoba 2023 Rais Ruto alitangaza kwamba El Niño haiji tena. Mvua ikaja, Pwani na Kaskazini Mashariki zikafurika. Mwaka uliofuata mafuriko yakaua watu Mai Mahiu. Wataalamu wapo pale Dagoretti Corner, Nairobi, na IMTR, chuo cha hali ya hewa, imefundisha nusu ya watabiri wa kanda hii, lakini anayeshika maikrofoni ni mwanasiasa.

Mpemba wa Kiel aliandika:

Tusiseme kila mahali ni vile. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 TMA walitoa tahadhari mapema, boti za Dar na Unguja zikasimamishwa, na kilipofika Mafia tarehe 4 watu walishajua. Mama yangu alinipigia simu kunieleza mwendo wa kimbunga kuliko redio. Na yeye hajui ICON, anajua kusi na kaskazi. Hapa Kiel nina upepo wa kutosha lakini hauna jina la kumuita mtu baharini. Mwezi huu kwetu majahazi yangekuwa yanapandishwa pwani kukalafatiwa. Basi, niache.

Dada Kisumu aliandika:

Majina hapa yapo, Mpemba. Chuo kikuu cha FU Berlin ndio wanaoipa majina migandamizo ya hewa midogo na mikubwa tangu 1954, na tangu 2002 mtu yeyote anaweza kununua jina. Mgandamizo mkubwa ni ghali zaidi kwa sababu unakaa siku nyingi kwenye ramani. Pesa zinaenda kuwalipa wanafunzi wanaosoma vipimo pale Dahlem usiku na mchana. Hiyo ndiyo skolashipu ya kweli ya mwanafunzi wa hali ya hewa!

Na kwa hili namrudia Bint Mkoani: kazi ya HiWi, yaani mwanafunzi msaidizi, chuoni haikatwi kwenye siku 140. Muombe profesa akupe saa za HiWi, acha duka la mikate.

Mama Tausi (Hanau) aliandika:

Tuchange basi tununue moja, iitwe Mwajuma. Ivunje paa la ABH.

Msukuma wa Leipzig aliandika:

Lazima liwe jina linalokubalika kwa msajili wa hapa. Na mwaka huu ni wa shufwa, dhoruba ni za kike, kwa hiyo Mwajuma anaweza kupita. Lakini foleni ya mwaka mzima huwa imeshajaa.

Kuhusu HiWi, Dada yuko sahihi, ila siku za dukani alizokwisha kufanya hazirudi.

Bint Mkoani aliandika:

Ahsanteni nyote, nimecheka, nilikuwa nahitaji. Lakini naomba nirudie: BARUA. Iliandikwa na nani, na ilisema nini? Studienbüro wamenirusha kwa Prüfungsamt, Prüfungsamt wanasema mhusika yuko likizo na msaidizi hasaini. Profesa yuko tayari kusaini chochote, lakini ABH wanataka muhuri.

Kaka Mvita aliandika:

Rafiki yangu wa München aliwahi kupata, ila yeye alikuwa anasomea udaktari, na praktikum ya uuguzi ni Pflicht kwa wote huko. Sijui kama inasaidia.

Mama Tausi (Hanau) aliandika:

Mwanangu, Jumanne nina off. Nitakuja twende wote, Kijerumani changu cha kugomba kiko sawa. Chukua Modulhandbuch, chapisha ukurasa wote, usiwaonyeshe kwenye simu. Na ule mkataba, acha nyumbani kwanza.

Msukuma wa Leipzig aliandika:

Mkataba usiache nyumbani! Wameshaambiwa upo, wataudai.

Mwana Goma (Köln) aliandika:

Msimamizi, tunaomba pia uzi wa skolashipu za udaktari. IMPRS ya Hamburg, ile shule ya udaktari ya Max Planck, nani ameomba? Na EUMETSAT Darmstadt, shirika la satelaiti za hali ya hewa la Ulaya, ni kweli wanachukua raia wa nchi wanachama peke yake?

Mzee wa Sinoptiki aliandika:

Kijana wa Leipzig, kabla ya Idara kulikuwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi, mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977. Nakutajia tu, kwa kuwa unapenda majina. Binti, umeshamwandikia mkurugenzi?