Neno "bank" la Kiingereza: pesa na mto vinahusiana vipi?

Wakuu habari zenu, naomba msaada. Dogo wangu yuko form two alikuwa anasoma sentensi "he sat on the bank" akaniuliza huyu jamaa amekaaje juu ya benki, nikamwambia hapo ni ukingo wa mto, akauliza tena sasa kwa nini neno ni moja, hapo nikakwama kabisa. Mwenye kujua asili yake anijuze.

Jibu 1:
Dogo ana akili huyo, mtunze. Benki ya pesa imetoka Italia, zamani wabadilisha fedha walikuwa wanakaa sokoni na benchi au meza yao, kwa Kiitaliano banca, wanahesabu sarafu hapohapo, ndo neno likapitia Ufaransa likaingia Uingereza. Hata "bankrupt", kufilisika, chanzo ni banca rotta, yaani benchi lililovunjika. Kule Siena kuna benki ilianza 1472 na mpaka leo inafanya kazi!

Jibu 2:
Nyongeza mkuu. Ile ya mto haikupita Italia, ilikuja na watu wa Skandinavia, maana yake tuta. Na ndege ikilala upande wakati inakata kona wanasema pia "bank", imetoka kwenye huo mteremko wa tuta. Ila ukirudi nyuma kabisa mzizi ni mmoja, wa lugha ya kale iliyozaa Kijerumani, Kiingereza na lugha za Skandinavia.

Jibu 3:
Kumbe benki na benchi zetu ni ndugu wa damu, maana "bench" nayo imetoka mzizi huohuo.

Muulizaji:
Asanteni sana wakuu, jioni namsimulia yote.