Je, chanjo ya bakteria inaweza kufidia jeni ya TP53 iliyoharibika?

Mdadisi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma baiolojia ya molekuli, na nimekwama kati ya sura mbili za kitabu ambazo hazikutani. Ya kwanza inaeleza jeni zinazozuia uvimbe, hasa RB1 na TP53, na kwamba seli huanza kugawanyika ovyo pale nakala zote mbili za jeni hizo zinapoharibika. Ya pili inahusu chanjo za bakteria, na kwa kupita tu inataja kwamba BCG, chanjo ya kifua kikuu, hutumika kutibu saratani ya kibofu cha mkojo. Je, BCG huirekebisha TP53? Na kama hairekebishi, ipo chanjo yoyote ya bakteria inayohusiana na jeni hizi? Naomba maelezo ya jinsi mambo yanavyotendeka ndani ya seli, si habari za matumaini.

Darubini:
Ndugu Mdadisi, BCG hairekebishi jeni yoyote. Ni bakteria hai, aina ya Mycobacterium bovis, ambaye Albert Calmette na Camille Guérin walimkuza maabara kwa miaka 13, wakimhamisha kutoka chombo hadi chombo takribani mara 230, mpaka akapoteza uwezo wa kuleta ugonjwa. Mtu wa kwanza alipewa chanjo hiyo mwaka 1921. Katika matibabu ya kibofu haichomwi begani. Dawa humiminwa ndani kupitia mpira wa mkojo, mgonjwa huizuia kwa muda wa hadi saa 2 kabla ya kwenda haja, na zoezi hilo hurudiwa kila wiki kwa wiki 6. Bakteria hujishikiza kwenye ukuta wa kibofu, seli za kinga hufurika mahali hapo, na katika vurugu hiyo seli za saratani zilizo juu juu huuawa. Homa na maumivu ya kukojoa ambayo wagonjwa wengi huyapata ni dalili za kinga iliyoamshwa. Seli yenye TP53 mbovu hubaki nayo vilevile hadi inapokufa. Na kwa kuwa mapambano hayo hufanyika juu juu, BCG hutumika kwa uvimbe ambao haujapenya kwenye msuli wa kibofu.

Kiini:
Nakubaliana na Darubini, ila hilo la nakala mbili lisichukuliwe kuwa sheria isiyo na udhuru. Alfred Knudson aliliweka wazi mwaka 1971 kwa kuchunguza saratani ya jicho ya watoto, na kwa RB1 linasimama vizuri. TP53 ina vituko vyake. Protini yake, p53, hufanya kazi ikiwa imeungana nne nne. Kwa hiyo nakala moja mbovu huweza kuharibu muungano mzima hata kama nakala ya pili ni nzima. Tena makosa mengi ya TP53 hubadili asidi amino moja tu, yaani kimoja cha vijenzi vinavyounda protini, hivyo protini haitoweki bali hurundikana ndani ya seli ikiwa haina kazi yake ya asili. Tangu p53 ilipogunduliwa mwaka 1979, ilipita takribani miaka 10 ikidhaniwa kuwa inachochea saratani, kwa kuwa watafiti wengi walikuwa wameshika nakala zenye kasoro bila kujua.

Kuhusu swali la pili, njia ninayoiona kuwa na uzito zaidi ni ya kinga kabla ya madhara. Helicobacter pylori, bakteria wa tumboni ambaye mwaka 1994 aliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa, ana aina zinazodunga protini iitwayo CagA ndani ya seli za tumbo. Miongoni mwa madhara yake, CagA huharakisha kuvunjwa kwa p53, ingawa jeni yenyewe ni nzima kabisa. Chanjo dhidi ya bakteria huyu ingeilinda p53 bila hata kuigusa. Hadi sasa, wenye maambukizi hutibiwa kwa antibiotiki.

Mdadisi:
Nashukuru sana. Sasa kwa nini tusiweke TP53 nzima ndani ya bakteria aliyedhoofishwa, aipeleke kwenye uvimbe?

Kiini:
Tatizo ni hesabu. Uvimbe wa sentimita moja tu huwa na mamia ya mamilioni ya seli, na kila isiyofikiwa huendelea kugawanyika. Uchina iliidhinisha mwaka 2003 tiba ya kubeba TP53, lakini mbebaji ni kirusi, na hudungwa kwenye uvimbe wenyewe. Chanjo hupita njia nyingine: hufundisha seli T, aina ya seli za kinga, ambazo huzaliana na kusafiri zenyewe kutafuta adui.

Hapo ndipo Listeria monocytogenes anapovutia watafiti. Akimezwa na seli ya kinga, hutoboa kifuko kilichomfunga kwa protini iitwayo listeriolisini O na kuingia kwenye majimaji ya seli. Protini anazotoa huko hukatwa vipande na kuonyeshwa juu ya seli kwa namna inayoziamsha seli T zinazoua. Akidhoofishwa na kupewa kipande cha protini ya uvimbe, p53 ikiwa mojawapo ya zilizojaribiwa kwa panya, anageuka kuwa chanjo.

Darubini:
Naongeza tahadhari moja. Kila seli yenye afya hutengeneza p53 kidogo, na mwili umekwisha kuziondoa au kuzituliza seli T nyingi ambazo zingeishambulia. Kwa hiyo shabaha bora ni kile kipande chenye asidi amino iliyobadilika. Lakini kipande hicho lazima kikae sawasawa kwenye molekuli za HLA za mgonjwa husika, yaani zile zinazoonyesha vipande vya protini juu ya seli, na molekuli hizo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Zaidi ya hayo, seli za saratani zikiacha kuonyesha HLA juu yake, seli T hupita bila kuziona.